Njoo Dar, Lakini Shamba Usiuze

Kigamboni, Dar es Salaam

Mpendwa Mama Neema,

Salaam nyingi zikufikie wewe, Baba Neema na watoto wote. Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu. Hawa amefaulu na amepangiwa shule ya bweni, na bibi anakusalimu sana. Ama baada ya salamu, dhumuni la barua hii ni habari aliyoniletea Mwalimu alipopita hapa akienda Muhimbili: kwamba mmekwisha kupata mnunuzi wa lile shamba la kahawa la kule juu, kwamba fedha hiyo ndiyo itakayokuwa mtaji wako wa kuhamishia ushonaji Dar es Salaam, na kwamba mnataka kulimaliza jambo hili kabla ya msimu. Tangu aliponieleza sina raha. Nimeona nikuandikie kwa kirefu, kwa sababu mambo ya namna hii hayasemeki vizuri kwenye simu.

Nianze na lile ambalo hatubishani. Kuja, njoo. Mkono wako wa kukata kitambaa naujua tangu tukiwa wasichana, na nimewaona mafundi wasiokufikia hata nusu wakisomesha watoto na kujenga hapa mjini. Huko Mbinga, kama unavyojua kuliko mimi, watu hushona fedha ya kahawa ikishalipwa. Ikiisha, cherehani inafunikwa hadi mwaka mwingine. Huku hakuna mwezi wa kufunika cherehani, na sababu yake ni watu wenyewe. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5.3 katika mkoa huu, na sidhani kama kuna kabila la nchi hii ambalo halimo, juu ya Wazaramo wenyeji, Wahindi wa Upanga na Kisutu, Waarabu, Wangazija, Wakongo na Wachina. Kila kundi lina siku zake za kuvaa nguo mpya. Idi ikikaribia, mafundi wa Temeke na Ilala wanakesha na kanzu na madera. Pasaka na Krismasi zinakuja na sare za kwaya na vigauni vya watoto, Diwali inakuja na blauzi za sari, na shule zikikaribia kufunguliwa mwezi Januari wazazi wanapanga foleni kwa ajili ya sare. Katikati ya hayo yote kuna harusi, ambazo huku ni kazi ya mwaka mzima: kuna kicheni pati, kuna sherehe ya kumuaga binti, kuna harusi yenyewe, na katika kila moja shangazi wana kitenge chao, mama wadogo wana chao, na marafiki wa bibi harusi wana chao. Mjini penye watu wa namna moja, sikukuu yao ikipita fundi anakaa bure. Hapa sikukuu ya huyu inapopita, ya yule inaanza.

Wala wateja si wakazi peke yao. Majuzi nilikuwa kwenye kibaraza cha fundi mmoja karibu na Mtaa wa Uhuru, Kariakoo, nikimsubiri anipandishie pindo la sketi. Akaja mama mmoja kutoka Lubumbashi na robota la vitenge, akalifungua juu ya meza ya kukatia, akamwonyesha fundi mshono anaoutaka kwa kuuchora kwa chaki palepale mezani: mikono ya puto, kola iliyosimama, na mkanda wa kufungia nyuma. Vipimo vya wateja wake wa huko kwao alikuwa navyo kwenye kamba, kila mteja na kamba yake, na kila fundo lina maana yake: kifua, kiuno, urefu. Fundi alizinyoosha kamba zile moja moja kwenye futi yake, akaandika daftarini, wakakubaliana bei, na yule mama akaacha malipo ya awali na kwenda zake kutafuta viatu. Watu kama yeye wako wengi, kwa kuwa bandari yetu inapokea mizigo ya Zambia, Kongo, Malawi, Burundi, Rwanda na Uganda, na mtu aliyekuja kufuata kontena au gari bandarini haondoki bila kupita Kariakoo. Soko kuu lenyewe, lile lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliungua Julai 2021, na wengi tulihofu kwamba biashara ingehama. Lakini mitaa inayolizunguka iliendelea kujaa watu kama kawaida.

Sasa niseme linaloniumiza. Shamba, Mama Neema, usiuze. Fedha hiyo unayoiona nyingi ukiwa Mbinga, huku itaanza kuliwa kabla hujashona hata shati moja. Mwenye nyumba hapokei kodi ya mwezi. Anataka ya miezi sita kwa mkupuo, wengine ya mwaka mzima. Dalali aliyekuonyesha chumba anataka malipo yake, na kwa kawaida ni sawa na kodi ya mwezi mmoja. Fremu ya biashara ni mambo hayohayo kwa bei ya juu zaidi, na katika mitaa inayotamaniwa ya Kariakoo utaombwa na kilemba, yaani fedha ya kumpisha aliyekutangulia, kabla hata ya kuzungumza kodi. Ukimaliza hayo unabaki na deni la umeme na cherehani isiyo na mteja, kwa sababu wateja hawamfuati fundi wasiyemjua. Nimewaona waliouza mashamba Mbozi na Njombe wakaingia mjini kwa kishindo, na baada ya kodi ya pili wakarudi kwao, wasipate tena pa kulima.

Wanaodumu huanza kwa njia nyingine. Wanaomba nafasi ya cherehani moja kwenye kibanda cha fundi mwingine, wanachangia kodi na umeme, wanapokea kazi za ziada anazoshindwa kuzimaliza yeye, na wateja wakishawajua ndipo wanapotafuta fremu yao. Kwa mwanzo huo, akiba yako ya kikundi na cherehani moja vinatosha, na shamba linabaki palepale likilipa ada ya Neema siku ambazo mjini mambo yamekuwa magumu.

Jambo la pili ni mahali pa kuishi, nalo ndugu zako hawatakueleza ukweli, kwa kuwa kila mtu husifia anapoishi. Basi lako litakushusha stendi ya Magufuli, pale Mbezi, nao watakuambia upange hukohuko Kibamba au hata Kibaha kwa kuwa kodi ni nafuu. Ni nafuu kweli, lakini foleni itakudai kilichobaki: utatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kurudi watoto wamelala. Mabasi ya mwendokasi yanayotoka Kimara tangu mwaka 2016 yana njia yake na yametusaidia sana, ila jioni utasubiri kwa kusukumana. Mabonde nayo yaepuke hata ukipewa chumba kwa bei ya kutupa, hasa kando ya Mto Msimbazi, kwa maana masika yakija maji huingia hadi kitandani, na serikali imekwisha kuanza kuwahamisha wakazi wa huko kwa fidia.

Mimi nakuombea uje upande wetu wa Kigamboni. Tangu Daraja la Nyerere lifunguliwe mwaka 2016 hatutegemei pantoni peke yake, ingawa mimi mwenyewe bado napenda kuvuka kwa pantoni, kwa kuwa ni muda wangu wa kupigwa na upepo wa bahari baada ya joto la mchana kutwa. Ukiwa ng'ambo ya pili, kabla ya kuvuka, unapita soko la samaki la Feri na kuchukua fungu la vibua. Nyinyi mliozoea dagaa wa Nyasa kutoka Mbamba Bay mtashangaa jinsi samaki wa maji chumvi wasivyohitaji viungo vingi. Jumapili watoto wanaingia baharini bila kiingilio, au tunakwenda ufukwe wa Coco kula mihogo ya kukaanga yenye pilipili, tumekaa mchangani Mhindi huku, Mmakonde kule, Mchaga na wajukuu zake katikati. Nimeishi humu miaka mingi na bado jambo hilo linanifurahisha. Baba Neema naye ataacha kuisikiliza Yanga redioni. Uwanja wa Mkapa uko hapohapo Temeke.

Narudia la shamba, na usinichoke. Mbuni hauzai mwaka unaoupanda, na ardhi ya huko kwenu Umatengo ikishatoka mkononi mwa ukoo hairudi kwa bei ile. Shemeji wa Maguu hawezi kulisimamia mkagawana mavuno? Huyo mnunuzi amekwisha kuwapa malipo yoyote ya awali, na kama amewapa, yameandikwa mbele ya mwenyekiti wa kijiji au ni ya mdomo tu? Mama mkwe anasemaje, naye ndiye aliyepanda mibuni ile? Neema yuko kidato cha ngapi sasa, na mngemhamisha shule au angebaki kwa Mwalimu hadi amalize? Je, unaweza kutangulia wewe peke yako shule zikifungwa mwezi wa Juni, ukae kwangu, nikuzungushe Temeke na Kariakoo uone mwenyewe vibanda na bei zake? Ile cherehani ya miguu ya marehemu mama bado inafanya kazi?

Tafadhali nijibu kabla hamjaandikiana chochote na huyo mnunuzi. Hata ujumbe mfupi wa simu unatosha, barua itafuata. Chumba cha Hawa kitakuwa wazi akishakwenda bweni, nami nimekwisha kumwambia bibi kwamba ni chako.

Wako akupendaye,
Mama Hawa