Ushuhuda wa zamani unazilaza jumuiya zetu

Mhariri,

Kila mwaka sharika nyingi huandaa semina ya uamsho: turubai, vipaza sauti, mhubiri mgeni, wiki nzima. Sina ugomvi na semina. Ila fedha na nguvu zikishaishia huko, jumuiya za nyumbani hubaki zilivyo, na Mkristo huanza kupoa huko huko nyumbani.

Waliotuachia Uamsho wa Afrika Mashariki hawakuanza na turubai. Mwaka 1929, pale Namirembe, Kampala, Simeoni Nsibambi, Mkristo wa Uganda, na Joe Church, daktari wa Gahini nchini Rwanda, walikaa wawili na Biblia zao. Katika miaka ya 1930 moto ukaenea Rwanda, Uganda, Kenya, hadi kwetu Bukoba. Uliodumu ulidumu kwa vikundi vidogo ambamo ndugu “walitembea nuruni”, yaani kila mmoja alisema wazi mambo yake yalivyo sasa mbele za Mungu na mbele ya mwenzake.

Hilo “sasa” ndilo limetutoka. Mtu anasimama, anataja mwaka aliookoka, anasimulia kwa maneno yale yale ya mwaka juzi, tunaitikia, anakaa. Mara nyingi kuna jambo la juzi analolizunguka. Waebrania 3:13 inataka tuonyane “kila siku, maadamu iitwapo leo”. Kwa hiyo kiongozi wa jumuiya aweke utaratibu: ushuhuda uwe wa siku saba zilizopita, dakika tatu, basi. Wakizidi kumi na wawili jumuiya igawanywe, maana wengi watajificha nyuma ya wasemaji. Someni kitabu kimoja hadi mwisho, msirukeruke. Waraka wa Yakobo una aya 108. Nusu sura kwa juma, wiki kumi umekwisha, na hakuna atakayeikwepa sura ya ulimi.

Toba nayo huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni kumwaga kila kitu mbele ya kila mtu. Dhambi iungamwe kwa yule aliyekosewa. Mambo ya ndoa hayaletwi kikaoni kuwa habari za kijiji. Ya pili ni kuungama bila kulipa. Aliyepunja mizani ya kahawa asiimbiwe Tukutendereza, wimbo wa sifa wa uamsho, kabla hajarudisha. Walawi 6 inadai mali yenyewe na sehemu ya tano juu yake: shilingi 100,000 zirudi 120,000. Zakayo aliahidi mara nne.

Tusikimbilie makatazo pia. Huko Uganda baadhi ya ndugu waliona, na kwa haki, kwamba wenzao wamelala. Wakajiita Abazukufu, walioamka. Wakaongeza masharti, kukopa kukawa marufuku, na ushirika ukapasuka. Anayetimiza orodha ya masharti hulala fofofo kuliko asiye na orodha, kwa sababu hana tena anachokitafuta.

Mwisho, wanaotoweka. Asiyeonekana juma mbili mfululizo atembelewe juma hilo hilo, na watu wawili, si ujumbe wa simu tu. Wamuulize hali, wasome naye aya chache, waombe, waondoke. Suala la ahadi ya sadaka na bahasha yake lisiguswe siku hiyo. Wengi wameacha kufungua mlango kwa sababu wanajua mgeni wa kanisa amefuata nini.

Mwinjilisti mstaafu,
Bukoba