Kwa Mkwawa, anzeni Lugalo

Mhariri,

Familia nyingi za Dodoma zinazokwenda Iringa kumwona Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, hukimbilia fuvu lake lililoko Kalenga, zipige picha, zigeuze siku hiyohiyo. Kwa barabara ya Mtera ni takriban kilomita 260 kwenda tu. Watoto hufika wamechoka, na fuvu lisilo na kisa ni mfupa tu kwao.

Laleni Iringa mjini. Asubuhi tangulieni Lugalo, kama kilomita 25 kwenye barabara ya Morogoro. Hapo, Agosti 1891, Wahehe waliangamiza kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Zelewski. (Mnara uliopo ni wa Wajerumani, watoto watauliza kwa nini, jiandaeni.) Kisha Kalenga, kilomita 15 hivi upande wa pili wa mji: ngome ya Mkwawa iliyovunjwa na Wajerumani kwa mizinga Oktoba 1894. Hapo ndipo fuvu, lililorudi kutoka Ujerumani mwaka 1954, linaeleweka.

Mlambalasi, Mkwawa alikojipiga risasi Julai 1898, iachieni siku ya pili. Masika gari dogo linaweza kukwama, na mchana hakuna jua la mchezo: bebeni maji ya kutosha.

Msomaji, Dodoma