Mkitupangia pikapu, tuambieni na giaboksi

Mhariri,

Ukurasa wenu wa magari mimi huufungua kabla ya siasa, na wanangu wanalijua hilo. Gazeti likifika hapa Elburgon wananiachia huo, wao wanachukua michezo. Kwa hivyo makala yenu ya majuzi kuhusu pikapu za kazi nzito niliisoma neno kwa neno. Mlitupangia jedwali safi: nguvu za farasi, ukubwa wa skrini, kamera ya nyuma, viti vya ngozi. Nikatafuta habari za giaboksi, lile sanduku la gia. Mlikuwa mmeandika neno moja tu, "otomatiki", mkapita. Neno hilo moja lilinilia faida ya msimu mzima wa viazi, ndiyo sababu nimechukua kalamu.

Mimi ni mchuuzi, na gari langu naliendesha mwenyewe tangu mume wangu atangulie. Viazi nanunua Molo, Mau Narok na Olenguruone, siku za wiki nauza Nakuru, na Jumapili mtanikuta soko la Kibuye, Kisumu. Kurudi mtupu ni hasara, kwa hivyo napitia Ahero nabeba mchele. Maana yake gari langu lina mzigo likishuka na lina mzigo likipanda. Wanaoijua barabara hiyo wananielewa. Kutoka Ahero mpaka Awasi ni tambarare, unaweza kuendesha huku unakula njugu. Baada ya hapo mlima unaanza, na haukupi nafasi ya kupumua mpaka Kericho, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, ilhali kule ziwani ulikotoka ni 1,100 na kitu. Bado hujaikabili Londiani na Mau Summit.

Mwaka 2019 nilinunua pikapu ya mtumba, dizeli, lita tatu, otomatiki. Jina la kampuni silitaji, kwa kuwa kampuni haikunikosea. Aliyenunua bila kuuliza ni mimi. Broka alifungua boneti akawasha, injini ikalia kama cherehani ya fundi wa sare. "Mama, injini hii haifi," akaniambia. Na kweli haikufa. Siku gari lilipovutwa kwa kamba, injini ilikuwa nzima.

Dalili zilianza mwezi wa nne. Kwenye kilima cha Kipsitet nakanyaga mafuta, mshale wa mizunguko unapanda, injini inanguruma, lakini gari halisongi kwa kadiri ya kelele. Nikadhani ni mzigo. Wiki mbili baadaye ikaja harufu, kama sukari iliyosahauliwa jikoni ikaungulia sufuriani. Kufika Kapsoit, saa moja usiku, gari likakataa kabisa. Unaweka D, kimya. Unaweka R, linashtuka kidogo, kimya. Na mvua ya Kericho haina adabu, haikuulizi kama una mchele nyuma. Mimi na kijana wangu wa kupakia tulivuta turubai huku na huku, na bado magunia mawili yalilowa. Tulilala ndani ya gari, miguu imeinuliwa kwenye dashibodi, tukingoja mwenye trekta wa asubuhi.

Fundi wangu wa Nakuru, mzee mmoja wa eneo la viwanda ambaye hazungumzi sana, alichomoa kijiti cha kupimia oili ya gia, akakifuta kwenye karatasi ya choo. Oili hiyo inatakiwa iwe nyekundu angavu. Yangu ilikuwa kama chai ya rangi iliyokaa kwenye birika tangu alfajiri, na ndani yake kulikuwa na vichembe vyeusi. Akavisugua kwa kidole gumba, akaniambia, "Hizi ni klachi zako, mathe."

Baadaye, tukinywa chai, akanieleza polepole. Kati ya injini na gia za otomatiki ya kawaida hakuna klachi ya kukanyaga kwa mguu. Kuna chombo kilichojaa oili, upande mmoja unazungushwa na injini, na oili ile ndiyo inayozungusha upande wa pili. Mzigo ukiwa mwingi na mwendo ukiwa mdogo, pande hizo mbili zinapishana, na kule kupishana kunageuka kuwa joto. Joto linachosha oili, oili iliyochoka inashindwa kuzibana klachi ndogondogo zilizo ndani ya giaboksi, nazo zinateleza, zinazidisha joto. Hapo ni mduara. Kinachopoza oili hiyo kwenye pikapu nyingi ni kijibomba ndani ya rejeta ileile ya injini, basi. Aliyeitumia kubeba ngazi na ndoo za rangi hakupata shida. Mimi nilikuwa naipandisha Kericho na mchele. Na oili ile haikuwa imebadilishwa hata mara moja, maana aliyeniuzia aliapa kwamba oili ya gia ni ya maisha. Maisha ya nani, hakusema.

Giaboksi nyingine ya mtumba niliambiwa shilingi 160,000, kazi ya fundi kando. Nilitengeneza, nikaiuza, na hesabu ya msimu ule sikumwonyesha mtu.

Sasa msinielewe vibaya. Sisemi otomatiki ni mbovu. Mtoto wa kaka yangu yuko Texas, anavuta trela za mifugo kwa pikapu zile za Marekani ambazo huku ungeziita lori. Nilipomsimulia yaliyonipata alicheka, akanitumia ujumbe wa sauti wa dakika sita. "Shangazi, hata huku watu wameungua hivyohivyo," akasema. Akanipa mifano. Dodge walianza kuweka dizeli ya Cummins ya lita 5.9 kwenye pikapu zao mwaka 1989. Ni injini ambayo madereva wanaiapia, lakini giaboksi ya otomatiki iliyokuwa nyuma yake ilikuwa inachoka kabla ya injini, na wengi wa kuvuta mizigo wakawa wanatafuta zile za gia za mkono. Chevrolet na GMC, kuanzia modeli ya 2001, walifunga dizeli yao ya Duramax na otomatiki ya Allison, watu wanaotengeneza giaboksi za malori, na hiyo ikapata jina zuri la kazi. Ford nao walikuwa na dizeli ya lita 7.3 iliyoheshimika, wakaibadilisha mwaka 2003 kwa ya lita 6.0 iliyokuwa na nguvu zaidi kwenye karatasi. Kipoza-oili chake kikiziba, kile cha moshi unaorudishwa kwenye injini kinakosa maji na kupasuka, halafu gasketi za silinda hedi zinafuata. Ndiyo sababu, akasema, ukiona pikapu ya aina hiyo ya miaka ile inauzwa bei ya kutupa, uliza kwanza kama vitu hivyo vilibadilishwa.

Magari hayo usukani wake uko kushoto, hatutayaona Kibuye. Lakini niliusikiliza ujumbe ule mara tatu. Huko wana barabara pana na karakana kila mji, na bado wanauliza maswali mawili badala ya moja: injini gani, na imefungwa na gia gani. Jedwali lenu liliuliza moja, nalo nusu.

Tuje kwa injini zenyewe, maana na hapo mlipita mbio. Dizeli za siku hizi zinapulizia mafuta kwa shinikizo kubwa mno, na nozo zake hazivumilii uchafu. Huku kwetu tunajua kilichokuwa kwenye matangi. Mafuta ya taa yalikuwa rahisi kuliko dizeli, wajanja wakawa wanachanganya, mpaka serikali ilipoyatoza shilingi 18 kwa lita mwaka 2018 na faida ya ujanja huo ikapungua. Salfa nayo ilipunguzwa kwenye dizeli yetu mwaka 2015. Kwa hivyo hali ni nafuu kuliko zamani, lakini pikapu ya mtumba ina historia yake tumboni. Nozo moja ikianza kuvuja, inamwagia pistoni dizeli, na pistoni inaweza kupasuka. Mwandishi wenu angetuambia seti ya nozo nne ni pesa ngapi kwa kila pikapu aliyoitaja, ningemkatia gunia. Gunia la kilo 50 halisi, kama sheria inavyotaka, si lumbesa ya kujazwa kupita kiasi.

Wapo watakaoniambia ninunue Land Cruiser ile ya polisi, silinda sita, lita 4.2, haina tabo, ile ya kusukumia injini hewa, wala kompyuta, gia tano za mkono. Naipenda. Fundi yeyote wa Molo anaifungua macho yamefumba. Lakini bei yake ni ya ploti, na injini isiyo na tabo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kila ukipanda mita 1,000. Mau Narok iko zaidi ya mita 2,700. Huko inapanda, ila inapanda kama mzee aendaye kanisani. Na watu husahau kwamba ina mkanda wa taimingi, ambao usipobadilishwa kwa wakati utakukatikia popote.

Pikapu niliyo nayo sasa ni ya lita mbili na nusu, gia za mkono, kabini moja, sura ya kawaida. Hiyo ndiyo nataka niwaeleze nilivyoinunua. Tulikuwa tumeona nyingine kwanza, nzuri, imeng'aa, Nakuru, upande wa Lanet. Fundi wangu alimwambia mwenye gari kwa simu: usiliwashe, tunakuja saa kumi na mbili asubuhi. Tukafika, kuna baridi ya kukata masikio. Mwenye gari anatabasamu, funguo mkononi. Fundi hakusema lolote, aliweka kiganja juu ya boneti kama mtu anayepima homa ya mtoto. Akaniangalia. Ilikuwa na joto. Tukaaga tukaondoka. Mtu anayepasha injini kabla hujafika anakuficha jinsi inavyoamka.

Hii ya pili ilikuwa baridi kama jiwe. Iliwaka mara moja, ikatoa moshi mweupe kidogo, ukaisha. Fundi akafungua kifuniko cha oili injini ikiwa inazunguka, akakiweka kinyume juu ya tundu. Kikakaa palepale, hakikurushwa na moshi wa ndani, maana yake pistoni bado zinabana. Kisha akaniambia nikanyage klachi, niweke gia ya nne nikiwa nimesimama na breki ya mkono imekazwa, niachilie klachi taratibu. Injini ikazima papo hapo, maana yake klachi inashika. Mwenyewe nikaongeza jaribio langu: nikaomba nipakie magunia kumi ya mbolea niliyokuwa napeleka Mau Narok. Mwenye gari alishtuka. Nikamwambia, hili gari silinunui la kubebea kwaya. Kuanzia Njoro kwenda juu niliachilia mafuta ghafla nikiwa gia ya tatu, nikakanyaga tena, mara nyingi, kuona kama gia itaruka. Haikuruka. Nililipa jioni ileile.

Gia za mkono zina faida nyingine ambayo haiandikwi. Nikitoka Molo kwa njia ya Salgaa nimepakia, nashuka na gia ya tatu, injini inanishikia gari, breki zinapumzika. Wenzangu wengine wanaweka nyutro waokoe mafuta. Mteremko ule tunaujua sote kwa ajali zake, na njia kutenganishwa hakujaulainisha. Otomatiki nayo inaweza kuzuiwa kwenye gia ya chini, najua, lakini mtuambie ni ipi inayotii na ipi inayojiamulia.

Basi Mhariri, mkiandika tena, mumtume mwandishi wenu huku. Awaulize mafundi wa Molo na Elburgon ni giaboksi gani wanazifungua mara kwa mara na zikiwa na kilomita ngapi. Aulize spea zinapatikana Nakuru au mpaka utume mtu barabara ya Kirinyaga, Nairobi. Aulize kila muuzaji oili ya gia inabadilishwa lini, na wa kujibu "ya maisha" amwandike hivyohivyo. Viti vya ngozi tutavitazama wenyewe.

Yangu nayo, nisijisifu, gia ya pili imeanza kukwaruza asubuhi kukiwa na baridi. Oili yake ina kilomita 38,000. Jumapili naenda Kibuye kama kawaida, na Jumatatu usiku nitaliegesha kwa fundi, lilale nje, alikute baridi.

Mchuuzi wa viazi,
Elburgon, Kaunti ya Nakuru