Jenerali Kaúlza hakushinda Mueda, tusidanganyane

Mhariri, naomba kanafasi kwenye gazeti lako nimjibu yule msomaji wa wiki iliyopita aliyesema eti Frelimo, chama kilichokuwa kinapigania uhuru wa Msumbiji, walishakwisha mwaka 1970 na kwamba wanajeshi wasingepindua serikali kule Lisbon basi Msumbiji ingekuwa ya Mreno mpaka leo. Hayo ni maneno ya Jenerali Kaúlza de Arriaga mwenyewe, aliyekuwa mkuu wa majeshi ya Ureno kule Msumbiji, alizeeka akidai vita alikuwa anaishinda, wanasiasa ndo wakamwangusha.

Sasa twende taratibu. Julai 1, 1970 huyu jenerali alianzisha Operesheni Nó Górdio kule uwanda wa Mueda, Cabo Delgado, kwa Wamakonde, na ndo ilikuwa operesheni kubwa kuliko zote Wareno walizofanya Msumbiji. Kabla ya hapo alishaenda Marekani kuongea na Jenerali Westmoreland, yule aliyeongoza majeshi Vietnam (yaani katika walimu wote wa vita vya msituni ukamchague huyo!), akaja na mtindo uleule, ndege zinapiga mabomu kwanza, mizinga inafuata, halafu makomandoo na askari wa miavuli wanashushwa kwa helikopta, huku mabuldoza yanachonga barabara mpya porini maana za zamani zimejaa mabomu ya kutegwa ardhini.

Kambi kubwa za Frelimo walizichukua kweli, Gungunhana, Moçambique, Nampula, hilo sibishi. Ila wapiganaji wengi walishatoka zamani, wametawanyika vikundi vidogovidogo, wengine humohumo porini wengine wakavuka Ruvuma kuja huku kwetu. Wareno wakatangaza wameua wapiganaji 651 na kukamata zaidi ya 1,800, na mimi nauliza tu, kwenye hao waliokamatwa ni wangapi walikuwa wakulima wa mihogo waliokutwa shambani? Maana hesabu za namna hiyo hata Vietnam zilikuwepo, kila wiki maadui wanakufa na kila mwaka vita inakua.

Kosa lake kubwa naona liko hapa. Vikosi vyake bora kavirundika Cabo Delgado wakati kiongozi wa Frelimo, Samora Machel, anahamishia nguvu Tete, magharibi mwa nchi, ambako Frelimo walishafungua upya mapambano tangu 1968, na Tete ndo kulikuwa kunajengwa bwawa la Cahora Bassa, kwa hiyo askari wengine wakaishia kulinda bwawa na barabara za kupitisha saruji. Kutwanga maji kwenye kinu. Miaka miwili tu baada ya ushindi wake wapiganaji walishavuka Zambezi wako Manica na Sofala, karibu na mashamba ya walowezi, mahali ambapo vita haikuwahi kufika. Mtu aliyekwisha anasonga mbele namna hiyo?

Halafu Desemba 16, 1972 ikatokea Wiriyamu, Tete, askari wa Ureno wakaua mamia ya wanakijiji, wanawake na watoto wamo, padri Adrian Hastings akaianika kwenye gazeti la The Times Julai 1973, na mwaka huohuo jenerali akaondolewa Msumbiji. Januari 1974 wazungu wa Beira wenyewe waliingia barabarani kulizomea jeshi lao kwamba haliwalindi.

Ndugu yangu msomaji anasema mapinduzi ya Aprili 25, 1974 yaliwaokoa Frelimo, sawa, lakini waliopindua ni kina nani? Si makapteni na mameja waliochoshwa na vita hizohizo za Msumbiji, Angola na Guinea-Bissau! Wangekuwa wanashinda wasingepindua mtu.

Mhariri, mkiandika tena habari hizi wekeni na ramani, vijana wengi hawajui kwamba Mueda ni ng'ambo tu ya mto ukitokea Newala.

Msomaji wenu, Mtwara