Hukomboi kitu ambacho hakikuwa chako

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua. Najua mambo ya dini magazeti mnayaogopa ogopa lakini hili halimgusi jirani, ni letu sisi kwa sisi Wakristo wa hapa Unguja.

Wiki mbili nyuma nlikuwa ibadani, sitaji kanisa wala mhubiri, kijana mzuri tu, ana sauti, na spika zilikuwa mpya. Katikati ya mahubiri akaingia kwenye habari za siku za mwisho, akasema dunia hii ni gesti, umelala usiku mmoja asubuhi unarudisha funguo, Mungu ataichoma yote kwa hiyo anoshughulika na mikoko na matumbawe ni sawa na mtu anopaka rangi nyumba inoungua. Watu wakacheka, amina zikapigwa. Mie yangu ilinikwama kooni, kwa sababu Jumamosi ya kabla yake vijana wetu walikuwa wakaokote taka pwani na walokuja walikuwa watatu, mmoja kaja na simu tu.

Sasa hebu tulitazame neno lenyewe, kukomboa. Mtu wa pwani hahitaji kamusi hapa. Ukenda dukani ukatoa pesa ukapewa kitu kipya, hapo umenunua. Kukomboa ni kwa kile kilokuwa chako toka mwanzo kikaenda rehani.

Marehemu mama alikuwa na sinia ya shaba alorithi kwa bibi yake, imechorwa maua pembeni kote. Mwaka nloingia sekondari akaiweka rehani kwa mwenye duka mmoja mtaani ili mie nipate sare na madaftari. Ilikaa huko karibu miezi minane na kumbe yule bwana alikuwa akiitumia, sijui kawekea misumari sijui nini, maana ilirudi nyeusi tii na imebonyea upande. Mama kalipa deni lote, kaibeba mwenyewe mpaka nyumbani, kakaa kizingiti cha mlango wa uani na ukwaju na majivu, kasugua toka adhuhuri mpaka jua linazama, mie namtilia maji, mpaka ua la kwanza likaanza kuonekana. Hakutokea wa kumwambia itupe hiyo kanunue ya plastiki. Na angetokea angeona!

Basi mie nikisoma Biblia naona ndo hivo hivo. Mwanzo sura ya 1, kila kikiumbwa kinaambiwa chema, na mwisho wa yote chema sana, na hapo udongo umo, nyangumi wamo, majani yamo. Wakolosai sura ya 1 Paulo anasema vitu vyote viliumbwa kwa njia ya Kristo na kwa ajili yake, halafu hajafika mbali anasema kwa damu ya msalaba Mungu alipenda kuvipatanisha vitu vyote na nafsi yake. Ni vitu vyote vile vile, hajapunguza. Alokomboa ndiye aloumba, kafuata chake.

Wala hoja ya yule kijana si mpya, wenyewe wanadhani ni ufunuo wa juzi. Kulikuwa na mtu akiitwa Marcion, mtoto wa Sinope kule Bahari Nyeusi, kanisa la Roma likamtoa mwaka 144 kwa kufundisha kwamba Mungu aloumba ulimwengu ni mwengine, wa daraja la chini, na Baba wa Yesu ni mwengine aliekuja kutunusuru na kazi ya yule wa kwanza. Alomjibu vizuri ni Irenaeus, askofu wa Lyon, kama mwaka 180 hivi, na jibu lake moja nalipenda sana maana ni la mezani: kama uumbaji ni wa mungu mwengine, basi Yesu alichukuaje mkate, kitu cha ulimwengu huu, akasema huu ni mwili wangu? Hapo angekuwa kachukua cha watu.

Najua ntaambiwa 2 Petro 3, nchi na kazi zilizomo ndani yake zitateketea. Sawa, nimesoma. Lakini pandisha macho mistari michache tu juu, Petro anasema dunia ya zamani nayo iliangamia kwa maji, na Nuhu aliposhuka safinani alikanyaga ardhi ipi? Na nakala za Kigiriki za zamani zaidi pale penye kuteketea zina neno linosema zitaonekana, yaani zitawekwa wazi. Moto huo unasugua, kama majivu na ukwaju.

Sisemi samaki nao watubu. Alofanya dhambi ni mtu, na msalaba unaanza na mtu. Ila Warumi 8 inasema viumbe vyote vinaugua pamoja, navyo vitatolewa katika utumwa wa uharibifu. Utumwa! Neno hilo sisi wa Unguja si wa kulisoma tukapita. Pale Mkunazini soko la watumwa lilifungwa 1873 baada ya Sultani Barghash kutia saini mkataba, na Askofu Steere akajenga kanisa papo hapo, na inasemwa altare imekaa pale walipokuwa wakifungwa watu kuchapwa. Wangeweza kupahama wakatafuta kiwanja safi huko Shangani, hawakufanya hivo. Na utumwa wenyewe kisheria haukwisha mpaka 1897, miaka 24 baada ya soko kufungwa, kwa hiyo tunajua kwamba jambo linaweza kuwa limeshaamuliwa na watu bado wakawa wanaugua.

Kuna mzee wa Kipemba jirani yangu, Muislamu, mvuvi, jioni tunakaa baraza moja. Nilimsimulia mahubiri yale akanyamaza, kisha akaniuliza, "Hivyo mwanangu, ile sinia ya mama yako iko wapi?" Nikamwambia iko kwa dada, Pasaka ndo tunapakulia biriani, na pale ilipobonyea hapajanyooka mpaka leo, ukiishika kidole gumba kinaingia penyewe. Na Bwana wetu alifufuka na mwili ule ule, makovu ya misumari yakiwemo, Tomaso akaonyeshwa. Mzee wangu hayo ya kufufuka hayaamini na hakunificha, ila la sinia kalielewa. Akasema, "Basi mwambie huyo mwalimu wenu Jumamosi aje pwani, polo ntamuazima mie."

Mkristo wa Unguja