Bima ndogo ni yetu sisi tunaotembea kwa miguu: barua ya wazi kwa Kamishna wa Bima

Kwa Kamishna wa Bima,
Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA).

YAH: FIDIA YA MTU ALIYEGONGWA NA GARI AKITEMBEA KWA MIGUU

Mheshimiwa Kamishna,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi cherehani. Nina meza yangu upande wa soko la Kilombero hapa Arusha, na kazi yangu kubwa ni sare za shule. Nakuandikia kwa sababu ya maneno mawili ambayo nimeyasikia miaka yote bila kuyaelewa: bima ndogo.

Niligongwa Januari, mwezi ambao fundi wa sare hapati hata nafasi ya kumaliza chai yake. Nilikuwa Mianzini, navuka barabara kuu ya Moshi kwenda Namanga, kwenye zebra. Wewe mwenyewe unaijua barabara ile ilivyo siku hizi, njia mbili za kwenda na mbili za kurudi. Kifodi, daladala yetu ya hapa Arusha, kilichokuwa njia ya pembeni kikasimama, konda akanipungia mkono nipite. Nikapita. Nilipotokeza upande wa pili wa kile kifodi, nikakutana na Noah iliyokuja kwenye njia ya ndani, ambayo dereva wake hakujiuliza mwenzake kasimama kwa sababu gani.

Mguu wa kulia ulivunjika mahali pawili, chini ya goti. Cherehani yangu ni ya kukanyaga. Nadhani sina haja ya kueleza zaidi hapo.

Dereva hakukimbia, na hilo namshukuru hadi leo. Alinipakia, akanifikisha hospitali, akalipia picha na plasta ngumu ya mguu (POP). Siku ya nne akaja nyumbani na mjomba wake na mzee mwingine wa makamo, wamebeba sukari, mchele na bahasha. Kaka yangu mkubwa ndiye aliyewapokea. Tukazungumza vizuri, kama watu wazima. Katikati ya mazungumzo kaka akauliza, "Lakini gari si lina bima?" Yule kijana akajibu kwa upole kabisa, "Lina bima, kaka, ila ni ile ndogo tu."

Sote tukanyamaza. Nakumbuka nilimwonea huruma. Ilikuwa kama ametwambia kwamba hana kitu.

Bahasha ilikuwa na shilingi 150,000. Ikaandikwa karatasi kwamba nimepokea mkono wa pole, tumesameheana na sitadai chochote tena, nikasaini nikiwa nimelala, mguu juu ya mito. Mwenyekiti wa mtaa akagonga muhuri. Yakaisha.

Mheshimiwa Kamishna, miezi minane baadaye nilikuwa nampima suruali mteja ambaye ni karani kwenye ofisi ya wakili. Akaniuliza mbona nachechemea. Nikamsimulia, na nilipofika kwenye ile "bima ndogo tu" akacheka, halafu akaona aibu kwamba amecheka. Akaniambia, "Dada, bima ndogo ndiyo yako wewe. Ile kubwa ndiyo ya gari lake."

Nilimwomba arudie.

Kumbe Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, hairuhusu gari wala pikipiki kuingia barabarani bila bima ya madhara yatakayowapata watu wengine. Watu wengine ndio mimi. Ndio mwanafunzi wa Sakina anayevuka kwenda shule, na mama anayeshusha ndizi Tengeru. Bima kubwa inaongeza ulinzi wa gari lenyewe, likipinduka au likiibwa. Lakini anayelipia bima ndogo ya gari lake, akilalamika kwamba analipia karatasi ya kumtuliza trafiki, amemlipia mtu asiyemjua atakayemgonga. Na anayegongwa hajui kwamba amelipiwa. Pande zote mbili zinakaa sebuleni kupatana bei ya mguu, na kampuni iliyopokea hela ya kazi hiyo haijaitwa hata kwenye kikao.

Jina lenyewe ndilo linalotuponza. Kitu kikiitwa kidogo, nani atakifuata?

Nikaanza kukifuata. Hapo ndipo nilipojua kwamba mguu uliovunjika si mzigo mkubwa kuliko faili lake. Kituo cha polisi nilichokwenda sitakitaja, wala kampuni ya bima, maana sikuandika barua hii kumfukuzisha mtu kazi. PF3, ile fomu ya polisi ya kumpeleka majeruhi hospitali, nilikuwa nayo, kwa sababu hospitali waliidai tangu siku ya kwanza. Lakini PF3 inaeleza mwili wangu tu. Kampuni ya bima ilitaka na ripoti ya ajali, mchoro wa trafiki wa eneo la tukio, na hukumu ya kesi ya barabarani. Kesi? Sikujua kama ilishakwisha. Dereva alikuwa amekiri kosa mahakamani na kulipa faini, nami nikaja kusikia kwa watu. Nilidhani ile faini kwa namna fulani ni ya kwangu. Faini ni ya serikali. Ya kwangu inadaiwa kwa njia nyingine, kwa makubaliano na kampuni ya bima au kwa kesi ya madai dhidi ya dereva na mwenye gari, na mahakama ikishaamua, kampuni ndiyo inayobeba deni. Hukumu ile ya trafiki ndiyo moja ya karatasi nzito kwenye dai langu, lakini hakuna aliyenipa nakala, na nilipoifuata niliambiwa nirudi mara tano.

Halafu wakataka uthibitisho wa kipato changu. Mimi sina hati ya mshahara. Nilichokuwa nacho ni daftari la vipimo: jina la mtoto, kiuno, urefu, "katanguliza nusu". Januari ya mwaka uliotangulia ilijaza kurasa kumi na nne. Januari niliyogongwa ina ukurasa mmoja na robo. Nililipeleka. Kijana wa mapokezi akaligeuza geuza kama daftari la mtoto aliyefeli. (Yule karani aliniambia baadaye kwamba daftari kama lile linaweza kabisa kuwa kielelezo. Kwa hiyo mama lishe, fundi, muuza mboga, msitupe madaftari yenu.)

Mwisho wa yote wakaiona ile karatasi ya mwenyekiti wa mtaa. "Mbona mlishamalizana?"

Hapa ndipo ninapokuomba, Mheshimiwa, usome polepole. Nilisamehe, ni kweli, na kusamehe ni desturi yetu. Sitaki mtu wa Dodoma atuambie tuache kupelekeana sukari. Lakini nilimsamehe kijana yule. Sikuisamehe kampuni ya bima, kwa sababu sikujua kwamba ipo. Naomba ofisi yako itoe mwongozo kwa kampuni zote: karatasi iliyosainiwa kitandani, na mtu ambaye hajaambiwa kwamba gari lile lina bima inayomhusu, isitumike kama mlango wa kutokea. Kama ni kumalizana, kampuni iwepo, na mgonjwa aelezwe kwa Kiswahili anachokiachia.

Nasema kwa Kiswahili kwa sababu hati ya bima ya gari lile niliisoma kwa msaada wa mtu. Yote Kiingereza. Tangu mwaka 2021 Bunge lilikwishapitisha kwamba Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama, sasa sijui hati ya bima ndogo inaogopa nini.

Kuna jambo lingine ambalo liko mikononi mwako moja kwa moja. Zamani stika ya bima ilibandikwa kwenye kioo, hata konda angeweza kukusomea jina la kampuni. Sasa stika ni za kielektroniki. Sikatai, za kughushi zilikuwa nyingi. Na mfumo wenu wa TIRA MIS ni mzuri: ukiingiza namba ya usajili wa gari unaona kama lina bima, na ya kampuni gani. Tatizo ni kwamba wanaojua hilo ni trafiki na mawakala. Mimi namba ya ile Noah niliipata kwa sababu dereva wa bodaboda mmoja aliipiga picha, akijua kwamba watu watabishana. Asingeipiga, leo nisingekuwa na pa kuanzia.

Naomba basi mzungumze na Jeshi la Polisi, maana PF3 ni yao si yenu, ili aliyegongwa akipewa ile fomu apewe na kikaratasi kidogo: namba ya gari, jina la kampuni ya bima, namba ya stika. Mistari mitatu tu, ambayo trafiki anaitoa kwenye simu yake palepale. Na kwenye wodi za mifupa, ukutani, pale ambapo mtu analala wiki sita anatazama saruji, pabandikwe tangazo lenu. Liseme kwamba bima ndogo inamhusu yeye. Liseme kwamba kwa Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, kesi ya madai ya namna hii ina miaka 3, basi. Liseme kwamba aliyefariki hafi na dai lake. Mke, mume, watoto na wazazi waliomtegemea wana sheria yao, Sura ya 310. Na liseme kwamba yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na kwamba tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 kuna watu wanaoweza kumsaidia asiye na hela ya wakili. Haya yote nimeyajua nikiwa nimechelewa, kwa mteja aliyekuja kushonewa suruali.

Ofisi yenu ya Kanda ya Kaskazini iko hapa hapa Arusha. Natembea polepole lakini nafika. Nitaleta nakala ya barua hii kwa mkono, pamoja na daftari langu, na ningependa yeyote atakayekuwa mapokezi siku hiyo aufungue ule ukurasa wa Januari kabla hajaniuliza nina shida gani.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi wa sare,
Kilombero, Arusha.