Kiunzi cha seli si nguzo zilizosimikwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nisahihishe jambo moja katika makala ya sayansi mliyoichapisha hivi karibuni, ambamo kiunzi cha ndani ya seli kilifananishwa na nguzo za nyumba zinazosimikwa mara moja zikabaki hapo. Mfano huo unaeleweka upesi, lakini unamficha msomaji jambo la kustaajabisha zaidi, kwamba kiunzi hicho hakina fundi wa kukisimamia, na maelekezo ya ujenzi wake yamo katika maumbo ya protini zinazokiunda.

Chukua mikrotubuli, ile mirija inayozitenganisha kromosomu seli inapogawanyika. Tofali lake ni jozi ya protini mbili, tubulini alfa na tubulini beta, yenye urefu wa nanomita 8 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Kwa kuwa ncha mbili za jozi hazifanani, jozi hupangana zote zikielekea upande mmoja, na mistari ya namna hiyo, kwa kawaida 13, huungana ubavu kwa ubavu kuwa mrija wenye upana wa nanomita 25. Ndiyo maana ncha moja ya mrija hukua upesi kuliko nyingine, na protini zinazobeba mizigo juu yake hutambua ziende upande gani.

Uzuri wenyewe uko kwenye maungio. Molekuli ya GTP, yaani molekuli ndogo inayobeba nishati, iliyoshikwa na beta haivunjwi mpaka jozi nyingine itue juu yake, kwa sababu ni alfa ya jozi hiyo mpya inayoleta kipande kinachokamilisha kazi ya kuvunja. Kwa maneno mengine, kitendo kilekile cha kujenga ndicho kinachoanza kuudhoofisha mrija. Ncha ikiishiwa na GTP ambayo haijavunjwa, mrija hufumuka kwa kasi, tabia ambayo wanasayansi Tim Mitchison na Marc Kirschner waliieleza mwaka 1984. Mwaka 1998 Eva Nogales na wenzake walipochapisha umbo la tubulini, ilionekana pia mahali inapojibanza paclitaxel, dawa ya saratani inayouzuia mrija kufumuka.

Keratini, protini nyingine ya kiunzi hicho iliyomo katika seli za ngozi, kwa upande wake, ni fimbo ndefu zinazosokotana mbilimbili, kisha misokoto hiyo hulala ikielekea pande zinazopingana. Uzi unaopatikana hauna mbele wala nyuma, kwa hiyo haufai kuwa njia ya wabeba mizigo, ila hustahimili mvuto kama kamba. Amino asidi moja tu, yaani kiungo kimoja cha mnyororo wa protini, ikibadilika mahali pabaya katika aina za keratini ziitwazo keratini 5 au 14, ngozi hutoka malengelenge kwa msuguano mdogo. Nadhani mgonjwa wa namna hiyo, au mzazi wake, angefaidika zaidi na maelezo haya kuliko na mfano wa nguzo.

Naomba safu yenu irudie mada hii, na safari hii ianzie kwenye umbo la protini.

Msomaji wenu,
Mwalimu wa biolojia